Kiganja cha Gundi

16 Februari

Shangazi wangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, vidole vyote kumi vipo na nywele hazijasimama kwa umeme. Sisi huku hatujambo kiasi. Mama anashona mapazia ya watu mpaka sebule imejaa vitambaa, ukitaka kukaa lazima uombe ruhusa. Baba, huyo kaka yako, ameanza kupika. Hatujui nani alimshauri. Jana alichemsha viazi vikageuka uji, na bado alitusimamia mpaka tukamaliza.

Usicheke mwandiko. Huu ni mkono wa kushoto. Naandika mstari, napumzika, naandika mwingine. Simu huko kambini kwenu haikamati mpaka mtu apande juu ya paa, na mambo yenyewe si ya kupigiana kelele paani, kwa hiyo bahasha hii nampa dereva wa kampuni yenu akija mjini kuchukua vifaa.

Baba alikuambia nimevunjika mkono mazoezini. Ni kweli, ila alikuambia nusu. Tulikuwa tunacheza mieleka ya kawaida tu, mimi na yule msichana tunayemwita Sindano, mwembamba, aliyejiunga mwaka jana. Akaupata mkono wangu wa kulia katika mshiko tunaouita kufuli: anakukamata kifundo cha mkono, anapitisha mkono wake nyuma ya kiwiko chako, kisha anausokota mkono wako kuelekea mgongoni. Mfupa wa juu ya kiwiko ukalia. Shangazi, ukumbi mzima ulisikia. Mwalimu wetu, ambaye sijawahi kumwona akikaa wakati wa mazoezi, alikaa chini.

Mfupa wameuunga kwa kipande cha chuma na skrubu, huo hauna neno. Tatizo ni mshipa wa fahamu unaouzunguka mfupa huo. Tangu siku ile nikinyoosha mkono, kiganja kinaanguka, kinaning'inia kama soksi kwenye kamba. Nakiambia inuka. Hakisikii. Vidole naweza kuvikunja kidogo, kuvinyoosha ng'o. Daktari anasema mshipa huenda ukaamka, huenda usiamke, na hakuna dawa ya kuuharakisha. Usipoamka, mieleka basi. Mimi niliyepewa jina la Gundi kwa sababu nikishika siachii, leo hata kijiko kinanitoka.

Usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Gundi


3 Machi

Gundi mwanangu,

Marahaba, tena marahaba mbili, ya pili ni ya huo mkono wa kushoto uliojikaza kisabuni ukaandika kurasa mbili. Mwandiko wako wa kulia nao haukuwa wa kujivunia, tusidanganyane.

Mimi mzima. Kiwanda tunachokijenga kimeshapata kuta, sasa ni zamu yetu mafundi umeme. Wameniletea wasaidizi watatu. Wawili wanajua kazi, wa tatu anajua kuongea. Juzi alifunga waya wa taa kwenye feni: ukiwasha taa, feni inazunguka, wewe bado uko gizani. Nimemwambia kuna kaka yangu anatafuta mwenzake wa jikoni.

Usiniambie nisiwe na wasiwasi. Wasiwasi ninao na nitaendelea nao. Sasa nieleze vizuri, kwa lugha yangu ya kazi. Huo mshipa umekatika, au umebanwa? Maana uliokatika tunavuta mwingine, uliobanwa tunaufungua pale ulipobanwa. Lakini huo uko ndani ya mtu, nani ataingia kuufuata? Swali hilo limenikalia kichwani tangu barua ifike. Jana nilikula halafu nikauliza kama chakula kiko tayari.

Jambo la pili. Baba yako ameniambia kwamba katika mchezo wenu mtu akizidiwa anagonga mkeka kwa kiganja, pa pa pa, na mwenzake anaachia papo hapo. Hakuna ubishi wala matusi. Mkono wako wa kulia ulikuwa umeshikwa, sawa. Wa kushoto ulikuwa na kazi gani? Mbona hukugonga?

Najua sijawahi kuja kukutazama ukicheza hata siku moja, na kwa hilo sina haki ya kuuliza mengi. Hili nauliza.

Shangazi yako


9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Dereva wenu alisema ulimpa na salamu za mdomo, ila alizisahau njiani, akanipa za kwake. Nimezipokea. Mama anakusalimu. Baba sasa anakaanga mayai na hatukuti hata ganda, tumeanza kumwogopa.

Jibu la swali lako ni hili. Mshipa haukukatika. Umebanwa vibaya, na kuanzia pale ulipobanwa kuja chini ndani yake kumekufa. Sasa unaota upya. Unaota, Shangazi, kama mmea! Unaanzia pale juu ya kiwiko na kutambaa kushuka, milimita moja kwa siku kama umeamka vizuri. Nilipoambiwa hivyo nilidhani natiwa moyo tu, kama wanavyomwambia mtoto kwamba sindano haiumi.

Aliyeniambia ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, bwana mmoja mrefu tuliyempa jina la Taratibu kwa sababu hana neno jingine. Ndiye aliyeniamuru niandike barua za mkono, alisema kushoto kukifanya kazi, kulia kutaona wivu. Huwa anakaa mbele yangu, ananigongagonga kwa ncha ya kidole kuanzia begani kushuka. Kote huko sisikii kitu cha maana. Halafu anafika mahali pamoja, na shoti inaruka mpaka mgongo wa kidole gumba. Shoti kabisa, zile zenu. Anasema pale ndipo mshipa umefika. Akapawekea alama kwa kalamu ya wino, chini kidogo ya kovu. Akaniambia nenda, urudi.

Niliporudi alianza tena kugonga kutoka juu. Alipita ile alama. Hakuna kitu. Akashuka, akashuka, karibu na kiwiko, na pale shoti ikaruka! Nikapiga kelele mpaka mgonjwa wa pazia la pili akauliza kama ni salama. Shangazi, ilikuwa imesogea. Mimi nilikuwa nalala, nakula viazi vya Baba, nanung'unika, na huku ndani kuna kitu kilikuwa kinatembea bila kuniuliza. Sijui nikuelezeje. Nilitoka nje ya hospitali nikatembea taratibu, nimeubeba ule mkono kama wa mtu mwingine niliopewa nimtunzie.

Malengo yangu ya zamani unayajua, nilikupigia kelele nayo vya kutosha: kunyanyua chuma chenye uzito wangu mara mbili, na kuvaa sare ya timu kabla mwaka haujaisha. Nimeyafuta. Nililia kidogo, halafu nikaweka mengine. Mwalimu anauweka mkono wa kulia ndani ya banzi lake la plastiki linaloshikilia kiganja, anaufunga kiunoni kwangu kwa bendeji ili nisijisahau, nalala chali, ananipa gunia la mchanga nilikumbatie kwa miguu. Kulishika, kuligeuza, kulisukuma, kulirudisha. Lengo la kwanza ni gunia lisiguse mkeka mpaka Mwalimu amalize kufagia ukumbi. Huwa anafagia polepole makusudi. Lengo la pili ni kuning'inia kwenye bomba kwa mkono wa kushoto peke yake. La tatu sijalisema kwa mtu.

Nimechoka, kushoto kunauma.

Gundi


25 Aprili

Gundi mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nikatafuta ndoo nikakaa.

Nimevuta nyaya tangu sijaolewa. Nimezipitisha kwenye kuta, chini ya sakafu, ndani ya dari zenye popo. Sijaona hata siku moja waya uliobanwa ukajiotea wenyewe, ukaendelea na safari. Tena nani anauonyesha njia? Huko ndani ni giza, nyama pande zote, hakuna mchoro, hakuna fundi, nao unajua unakwenda kwenye kidole gumba, hauendi kwenye kidole cha mwenzake. Sisi tunaweka rangi tatu na bado yule wangu wa tatu anawasha feni kwa swichi ya taa!

Niliwahadithia wakati wa chakula. Wawili waliacha kula. Wa tatu akasema napiga chuku. Nikamwambia atoe mkono wake, aufungue na kuufunga, aufungue na kuufunga, halafu aniambie ni nani aliyemfungia hizo nyaya na kama alimlipa. Akaufungua na kuufunga mpaka chakula kikapoa. Mimi mwenyewe nimeutazama mkono wangu huu, wenye makovu yake, nikauonea haya kwa jinsi nilivyouchukulia poa miaka yote.

Sasa nikwambie kitu cha kazini kwetu. Kitu tusichokiamini, hata kama tumezima umeme, tunakigusa kwanza kwa mgongo wa mkono. Kikiwa na umeme, mkono unajikunja na kutoka wenyewe. Ukikishika kwa kiganja, mkono unajikunja ukiwa umekikumbatia, na hapo huachii tena hata ukitaka. Nimeona watu wakikumbatia. Wewe siku ile ulikuwa umekumbatia nini?

Hukunijibu, nami sijasahau. Niandikie kila inaposogea. Imefika wapi?

Shangazi yako


4 Juni

Shangazi!

Shikamoo. Mama mzima, Baba mzima, mapazia mazima, sina muda wa salamu.

Kimeinuka.

Ngoja nianze vizuri. Taratibu alinipa zoezi la asubuhi: naweka mkono juu ya meza ya jikoni, kiganja kinaning'inia nje ya ukingo, nakiambia inuka. Basi. Ndilo zoezi zima. Unakaa unaambia kitu kisichosikia. Baba akajipa kazi ya kukaa mbele yangu. Anamenya machungwa, ananiwekea kipande kimoja kimoja upande wa kushoto, macho yake kwenye kiganja changu. Wiki zote hizo hakuniuliza hata mara moja kama nahisi kitu.

Leo asubuhi nikasema inuka, kama kawaida, hata sikuwa na imani, nilikuwa nawaza mambo ya kufua. Kiganja kikaruka. Kidogo tu, urefu wa kichwa cha kiberiti, kikaanguka tena.

Baba akasema, "Upepo."

Dirisha lilikuwa limefungwa.

Nikasema tena, inuka. Kikapanda. Kikatetemeka, kikakaa pale juu, Shangazi, kikakaa! Baba akaweka kisu chini polepole sana, kama mtu mwenye ndege mbele yake. Akaita jina la Mama, akaita tena. Mama akaja mbio na pini za kushonea mdomoni. Hakuweza kusema kwa sababu ya zile pini na hakukumbuka kuzitoa, akasimama tu machozi yanamtoka. Watu wazima watatu jikoni tunatazama kiganja kikipanda na kushuka. Nimewahi kushinda mashindano mbele ya ukumbi uliojaa na sikuwahi kuhisi hivi. Niliogopa. Ndiyo, niliogopa, kwa uzuri wake.

Vidole bado. Kunyoosha vidole Taratibu anasema kutafuata, kwa sababu viko mbali zaidi. Sasa naruhusiwa kumshika Mwalimu kwa miguu badala ya gunia. Jana alihangaika kutoka mpaka akaomba maji. Sikuwa najua miguu yangu ina akili kiasi hiki, miaka yote niliitumia kusimamia tu.

Imepita kiwiko, ndipo ilipo misuli inayoinua kiganja. Andika haraka.

Gundi


10 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini huumwi. Dereva amekuja mara mbili na hakuna barua yako. Mara ya pili nilimkagua mpaka chini ya kiti. Akasema umepokea yangu, alikukabidhi mkononi, na kwamba uko mzima unagombeza watu kama kawaida.

Kama nimekosea niambie. Kidole gumba kimeanza kunyooka.

Gundi


24 Julai

Gundi mwanangu,

Marahaba. Hujakosea. Kazi zilikuwa nyingi.

Hayo ya kazi nimeyaandika nikayasoma, nikaona nimeandika uongo. Kazi huwa nyingi siku zote. Barua yako ilinikuta juu ya jukwaa nafunga taa za dari. Nikaifungua hapo hapo, nikasoma mpaka pale pa pini za mama yako. Nikalazimika kushuka. Nilishuka kwa makalio, ngazi moja moja, mbele ya wanaume wote wa kiwanda. Wa tatu akaniuliza kama nimepigwa shoti. Nikamwambia ndiyo.

Kila nikishika kalamu kukujibu nilianza kulia, na mimi si mtu wa kulowanisha karatasi za kampuni. Nikasema nitaandika nikishaacha. Ndiyo wiki zote hizo.

Watu wanaponiuliza kwa nini sijawahi kuja kukutazama, huwa nasema mieleka ni kelele. Nitakuambia ukweli. Nilikupeleka hospitali ukiwa na umri wa miaka mitatu, umeanguka kwenye ngazi, wakanipa nikushike wakikushona kidevu. Ulinitazama muda wote. Toka siku hiyo siwezi kukaa kitini nikamwona mtu amekushika. Ningeingia hapo mkekani na koleo zangu.

Sitakuuliza tena kwa nini hukugonga. Ukitaka utasema.

Shangazi yako


20 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama amemaliza mapazia ya hoteli na tumepata tena viti vyetu. Baba anasema ukija atakupikia, nami nimekuonya.

Utaona mwandiko umebadilika. Hii ni kulia. Naandika polepole, na herufi zinakwenda zitakako, lakini ni kulia. Vidole vinanyooka vinne, cha pete bado kinasitasita.

Sasa nakujibu. Ile kufuli, Shangazi, nilimfundisha mimi. Miezi mitatu kabla ya siku ile nilimlaza Sindano mkekani nikamwonyesha pa kushika na pa kupinda, na alipokosea nilimcheka. Siku ile akanishika nayo, safi kabisa, bila kosa hata moja. Mkono wa kushoto ulikuwa huru, umesema kweli. Mwalimu alikuwa ananipigia kelele, "Gonga! Gonga!" Nikawaza, nimgongee huyu? Huyu niliyemfunga bendeji ya vidole siku yake ya kwanza? Yeye akawa ananisubiri, alikuwa anaongeza nguvu taratibu kama nilivyomfundisha, ananisubiri nigonge. Nikamwangalia nikatikisa kichwa. Basi. Hicho ndicho nilichokuwa nimekikumbatia.

Hakurudi tena ukumbini baada ya hapo. Hilo ndilo lengo la tatu ambalo sikulisema. Anafanya kazi kituo cha mafuta. Nilikwenda mwezi wa tatu, kiganja kinaning'inia, akaniona, akaacha pampu na mteja, akaingia ndani akajifungia. Nikajilaumu kwa nini nimemletea ule mkono aone. Nikasema sitarudi mpaka kuna cha kumwonyesha. Wiki iliyopita nimerudi. Nilisimama mbele yake, nikanyoosha mkono, nikainua kiganja. Nikakishusha. Nikakiinua. Magari yanapiga honi nyuma yetu. Akakishika kwa mikono yake miwili yenye mafuta, akakigeuza huku na huku kama mtu anayekagua noti, akasema, "Kinafanya kazi." Nikamwambia, "Kesho saa kumi na moja, usichelewe." Akaja saa kumi.

Daktari amenipiga picha ya mfupa, ameridhika, ameruhusu. Mwezi wa kumi, tarehe kumi na moja, klabu yetu ina mashindano, na Mwalimu amenipanga na Sindano. Aliniuliza mara tatu kama nina uhakika. Lengo langu jipya ni hili: nipande mkekani, nicheze nilivyo, na nishuke nikiwa na mikono miwili. Njoo, Shangazi. Koleo ziache.

Gundi


12 Septemba

Gundi,

Marahaba mwanangu. Nimeisoma. Nakushukuru kwa kunijibu. Sikukulaumu na sikulaumu, ila ningekuwa karibu ningekufinya.

Mwezi wa kumi tunaletewa mashine kubwa ya umeme na bila mimi hapa hawawezi kuiunganisha. Sitakuja. Usikae unaangalia mlango.

Hicho cha pete kimefika?

Shangazi yako


14 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Baba alikuja ukumbini na sanduku la machungwa, akawagawia mpaka wapinzani. Mama alifumba macho muda wote, kwa hiyo hana habari za kukupa.

Nilishindwa. Sindano alicheza vizuri sana. Mikono yangu yote miwili ni mizima. Kuna jambo la siku ile nataka kukueleza ana kwa ana, kwenye karatasi litakuwa dogo. Nilikuangalia mlangoni ingawa ulinikataza.

Gundi


29 Oktoba

Gundi mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mashine imefika na inanguruma vizuri, na wa tatu amefunga taa yake ya kwanza iliyowaka ikiwa taa. Tumempigia makofi.

Usijisumbue kunieleza. Nilikuwepo.

Nilikuja na dereva kuchukua nyaya. Mashine ilichelewa kufika, nami nikajikuta nimepanda gari huku bado nawaambia watu siendi. Niliingia kwa mlango wa nyuma, nikasimama kwenye kona yenye sanduku la swichi, maana hapo ndipo ninapojisikia kwangu. Taa yenu ya tatu inapepesa, mwambieni mtu aibadilishe. Sikuja kukusalimia mwishoni kwa sababu uso wangu haukuwa wa kuonyeshwa watu, na dereva alishaanza kupiga honi. Nisamehe kwa hilo. Huko nyuma garini nililia mpaka dereva akazima redio kwa heshima.

Nilikuona ukimshika yule binti kwa miguu. Sikujua wewe ni hivyo! Kila alipokwenda, miguu ilishafika. Mzee mmoja mbele yangu alisema, "Huyu ana mikono minne." Nikataka kumwambia mmoja ulikuwa umekufa, ungejua, mzee, ungeinuka ulipokaa. Nikajizuia. Nilikuwa nimeshika sanduku la swichi kwa nguvu mpaka limeniachia alama.

Halafu akakugeuza. Nikaona anapitisha mkono nyuma ya kiwiko chako, na hata mimi nisiyejua chochote nilijua hiyo ndiyo kufuli. Safari hii alikuwa ameshika wa kushoto. Nikahesabu haraka: wa kushoto umefungwa, umebaki wa kulia. Ule wa soksi kwenye kamba. Naye anaongeza taratibu, anasubiri, na uso wake, mwanangu, uso wake ulikuwa unakuomba. Baba yako alisimama na chungwa mkononi. Nilikuona ukikunja uso kama ulivyoukunja siku ile ya kidevu, nikajua unachowaza, nikasema, basi, huyu hataachia, yameanza tena.

Mkono wa kulia ukapanda hewani. Kiganja hakikuanguka. Kilisimama juu ya kifundo chako, kimenyooka, na vidole vikafunguka vyote vitano, na hicho cha pete. Nilikiona chini ya ile taa inayopepesa. Maishani mwangu nimewasha majengo makubwa, nimewasha hospitali, nimewasha mtaa mzima watu wakashangilia. Sijawahi kuona kitu kikiwaka hivyo.

Ukashusha. Pa, pa, pa.

Binti akakuachia kabla ya pa ya tatu, akalala kifuani kwako analia, nawe unacheka. Mimi nilikuwa napiga makofi na kupiga vigelegele peke yangu kule kwenye kona, ukumbi mzima ukanigeukia. Mama mmoja aliyekuwa karibu nami akanishika bega akasema, "Hongera, mama. Kumbe wako ndiye aliyeshinda?"

Nikamwambia, "La, wangu ni yule aliyegonga."

Shangazi yako